“Mmeelewa?” “Ndiyo madam”

Jumamosi moja asubuhi nimekaa darini kwetu Langoni, hapa mjini Lamu, ambao sisi wenyewe twauita Amu, simu nimeiegemeza kwa birika la chai, nafundisha walimu tarajali wangu mambo ya tathmini kwa mtandao, watu 27 wako kwa mkutano na kamera zote zimefungwa, nimeongea dakika 40 karibu bila kupumua, alafu nikauliza lile swali ambalo sote tunaliuliza, jamani mmeelewa? Kimya. Punda wa jirani akalia. Baadae kwenye chati ikaingia “ndiyo madam”, ikafuata nyengine “ndiyo madam”, ya tatu ikaja na kidole gumba. Nikaridhika, nikafunga mkutano, nikaenda zangu sokoni.

Jumatatu nikampigia mmoja wa hao wa ndiyo madam, yuko upande wa Pate kwa mazoezi ya kufundisha, nilikuwa na shida nyengine kabisa ya ripoti, nikamwambia tu juu juu, na lile somo la juzi ulilipata lakini? Akanyamaza. Akacheka. Akasema madam niwie radhi, Jumamosi nilikuwa kwa boti nakuja Amu, simu nilimwachia mdogo wangu nyumbani, nikamwambia madam akiuliza kitu we andika ndiyo.

Mdogo wake yuko Gredi ya 5.

Yani mtoto wa Gredi ya 5 kafaulu somo langu la tathmini. Nilicheka sana, alafu usiku sikulala vizuri, na kilichonikosesha usingizi si yule kijana, manake yeye kusema kweli hakunidanganya vibaya, boti za Pate zangoja maji yajae ndipo zipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, na maji hayangoji mkutano wa madam. Kilichonikera ni swali langu. Swali gani hilo ambalo yeyote mwenye kidole anaweza kulijibu? Na nikikumbuka darasani kolejini, pale ambapo niko nao uso kwa uso miaka yote hii, nauliza swali lile lile, na vichwa 27 vinatikisika, na mimi naandika kwa kitabu changu cha kazi “somo limeeleweka”. Tofauti ni kwamba darasani kuna vichwa vya kutikisika. Simu imeniondolea vichwa tu, na nilipoondolewa vichwa nikaona sikuwa na kitu kengine mkononi tangu zamani.

Wacha niwaambie nilivyokuwa nafundisha tathmini kabla ya hapo, na msinicheke. Noti. Kuna tathmini ya njiani, somo likiwa bado linaendelea, na tathmini ya mwisho, mambo yakishaisha. Maneno yenyewe kwa Kiingereza, formative na summative, alianza kuyatenganisha mtaalamu Michael Scriven mwaka 1967, na yeye hata hakuwa akizungumzia watoto, alikuwa akizungumzia kupima mitaala, ni Benjamin Bloom na wenzake ndio waliyaleta kwa mwanafunzi baadae. Hiyo yote wanafunzi wangu waliijua. Ukiwaamsha saa nane za usiku watakwambia Scriven 1967. Na mwisho wa muhula nawapa mtihani, “Eleza aina tano za tathmini kwa mifano”, wanaandika kurasa nne, wanapata 17, alafu wanakwenda skuli na mtoto anakosa hesabu ile ile wiki tatu mfululizo na hawajui kwa nini anakosa. Mimi ninayefundisha upimaji nilikuwa napima kama anayejaza gunia.

Na saa hii hii si mambo ya mchezo. Sisi tuliokulia 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu hapa Kenya, tulizoea KCPE ya kumaliza skuli ya msingi, ile iliyoanza 1985 ikafa 2023, mtihani mmoja wa mwisho, siku tatu, ukifanya vibaya kwa sababu ulikuwa na homa basi ndiyo umeshafanya vibaya. Alama za mwalimu wa darasa zilikuwa za kumwonyesha mzazi tu. Sasa kwa mtaala mpya wa umilisi, ukiangalia KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, mtihani wenyewe wabeba asilimia 60, asilimia 20 inatoka tathmini za skulini za Gredi ya 7 na 8, na 20 nyengine ni KPSEA, tathmini ya mwisho wa msingi aliyoifanya Gredi ya 6. Kwa hiyo kile anachokiandika mwalimu kijana, siku ya kawaida tu, na joto, na chaki imeisha, kinamfuata yule mtoto mpaka mbele. Ndio maana siwezi kuwapa noti tena nikaenda zangu.

Zoezi ambalo limenisaidia kuliko yote ni hili la insha. Nilichukua insha ya mtoto mmoja wa hapa Amu, jina nikalifuta, nikainakili upya kwa mkono wangu ili mwandiko usiwe na kelele, insha yenyewe ni ya siku ya mashindano ya mashua. Nikawapa wote, kila mtu asahihishe peke yake juu ya 20, alama aandike kwa karatasi aikunje aniletee. Nikazifungua mbele yao moja moja na kuziandika ubaoni. Ya chini kabisa 7. Ya juu 17. Insha moja, mtoto mmoja, koleji moja, walimu waliokaa benchi moja!

Darasa likawa kama soko la samaki. Aliyetoa 7 ni kijana aliyekulia bara ya Lamu, upande wa Mpeketoni, akasimama akasema madam mimi nimehesabu makosa ya tahajia ni 14, mtoto ameandika “yana tulienda Shela kwa ndia ya pwani”, ameandika “baba akaniambia ndoo uone”, ameandika “mashua moya”. Hajui kuandika. Aliyetoa 17 ni msichana wa hapa hapa mjini, akaangalia karatasi yake, akaangalia tena, akasema wallahi madam mimi sikuyaona hayo makosa.

Hakuyaona! Na sababu hakuyaona ni kwamba hiyo ndiyo lugha ya mamake. Kiamu chetu ndivyo kilivyo, njia ni ndia, njoo ni ndoo, jana ni yana, moja ni moya, macho ni mato. Mtoto yule hakukosea kusikia wala kufikiri, ameandika alichokisikia nyumbani kwa usahihi kabisa, tena kwa mpangilio, ukienda mstari kwa mstari kumbe “ndia” ameiandika mara tano na mara zote tano ni vile vile. Hiyo ni kanuni anaifuata. Sasa huyu wa 7 amemhukumu kama asiyejua lugha, na huyu wa 17 hakumsaidia kitu, manake siku moja mtoto huyu atasahihishwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Amu na hakuna aliyemwambia kwamba kwa mtihani inaandikwa njia. Wote wawili walikuwa na makosa, na mimi mpaka leo nikiulizwa nani alimkosea zaidi sina jibu la haraka, ila moyo wangu, kwa upendeleo wa mtu wa hapa, uko kwa msichana.

Hapo ndipo tukaanza kuongea kitu cha maana. Tulikuwa tunapima nini? Kama ni mpangilio wa mawazo, huyu mtoto yuko juu. Kama ni Kiswahili sanifu, bado yuko njiani. Kama unachanganya yote kwa namba moja, hiyo namba haimwambii mtu chochote, mtoto ataona 7 atajua tu kwamba yeye ni mjinga na lugha ya kwao ni makosa. Tukachukua rubriki, vile viwango vinne vya mtaala wa umilisi, kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio, tukatenganisha mawazo kivyake, sarufi kivyake, tahajia kivyake. Wakasahihisha tena. Zamu hii walikaribiana, lakini msidhani rubriki ni dawa ya kila kitu, kwenye ubunifu waliendelea kuvutana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, na kuna mmoja akauliza swali ambalo bado naliwaza, “kufikia matarajio, ya nani madam?”

Na kabla mtu hajasema hiyo ni shida ya insha tu na ya lugha tu. Marekani mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi za mtihani wa Kiingereza wakazinakili, wakazipeleka kwa walimu wengi wa skuli mbalimbali, alama zikarudi zimepishana mbali sana. Watu wakasema aah, ni Kiingereza, huko ni maoni ya mtu. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo hivyo na jiometri, na zikapishana zaidi. Hesabu! Manake mmoja alikata alama kwa uchafu, mwengine alitazama jibu peke yake, mwengine alitazama njia. Niliwaeleza hadithi hii baada ya zoezi, si kabla, ningewapa kabla wangeiandika kwa noti kama Scriven.

Sasa zoezi hilo hilo nikalipeleka kwa mtandao na likaniaibisha. Nilipiga picha insha nyengine, nikaituma kwa grupu la WhatsApp, nikawaambia kila mtu aandike alama yake. Wa kwanza akaandika 14. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na nne. Kumi na nne. Nikasema mashallah, wamekomaa hawa, wanakubaliana. Kidogo niwasifu. Kumbe hawakukubaliana, walifuatana, nani atataka kuandika 8 wakati wakubwa wake wote wameandika 14? Wiki iliyofuata nikawaambia mnitumie inboksi, kila mtu kivyake, na nisione chochote kwa grupu, zikaja kuanzia 9 mpaka 18. Basi nikakumbuka zile karatasi za kukunja, na nikashukuru kwamba siku ile ya kwanza kolejini sikuwaambia wataje kwa mdomo, manake darasani vilevile angesema mmoja mwenye sauti na wengine wangefuata.

Kuna kitu kengine nimejifunza kwa simu nikakirudisha darasani, si mara zote inakuwa darasa ndiyo asili na mtandao ndiyo kopi mbovu. Naweka swali moja kwa chati, nawaambia kila mtu aandike jibu lake lakini asitume. Nahesabu mpaka kumi. Alafu nasema tuma! Yanaingia yote kwa mpigo, kama mvua ya masika kwa mabati, hakuna wa kumfuata mwengine. Na swali lenyewe silichagui ovyo. Mfano napenda hili, ipi kubwa, 0.35 au 0.4? Nawaambia msinipe jibu mnalolijua nyinyi, nipeni jibu atakalotoa mtoto aliyekosea, na kwa nini. Manake swali zuri la njiani ni lile ambalo kosa lake linakuambia mtoto yuko wapi. Anayesema 0.35 mara nyingi hajabahatisha, ameona 35 na 4 akasema 35 ni kubwa, anazisoma desimali kama namba nzima. Ukimwekea ekisi tu hujamfunza kitu. Ukijua ndiyo sababu, una la kufanya asubuhi ya kesho.

Darasani tunafanya hivyo hivyo kwa vibao, karatasi nyeupe ndani ya nailoni ngumu na kalamu ya kufutika, gharama yake kidogo, kila mtu anaandika na kuinua kwa pamoja. Mamangu alikuja siku moja kuniletea chakula akachungulia akasema, hee, mmerudi chuoni? Kwa wasiojua, sisi huku chuo ni pale unapofunzwa Qur'ani, na yeye enzi zake walisoma kwa ubao wa mti, unaandikiwa, unahifadhi, unakwenda kwa mwalimu wako peke yako unamsomea, ikiwa umeshika ubao unaoshwa unaandikiwa mapya, ikiwa hujashika unarudi na ubao ule ule. Hakuna kuuliza mmeelewa. Hakuna wa kutikisa kichwa kwa niaba yako. Sisemi ilikuwa pepo, bakora zilikuwepo, na mamangu mwenyewe anasema alihifadhi mengi ambayo hakuulizwa maana yake hata siku moja, lakini hilo la kumsikiliza kila mmoja kabla ya kumvusha, jamani, wazee walilijua bila semina.

Nilipowapeleka wanafunzi wangu mbali, Faza, Kizingitini, Kiunga, na wengine Witu, nikaanza kuwakagua kwa video kwa sababu siwezi kuwafikia wote, haswa kusi ikishachachamaa bahari haina adabu. Video za mwanzo zilikuwa zote sawa. Simu imewekwa nyuma ya darasa, mwalimu mbele amechomekea shati, anafundisha kama mtangazaji, watoto wanaitikia kwa pamoja. Nzuri sana na haina faida yoyote kwangu, manake naona mwalimu na sioni kama kuna mtu amejifunza. Nikawaambia geuzeni simu. Dakika tano tu, nionyesheni meza moja, mikono na madaftari, watoto wakiwa kazini, sura nisizione kabisa. Sura za watoto ni amana, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, huwezi tu kusambaza watoto wa watu kwa magrupu bila ruhusa ya wazazi wao. Mikono inatosha. Mkono unaofuta mara tatu unaongea. Mkono uliokaa kimya huku mdomo unaitikia pamoja na wenzake unaongea zaidi. Lakini nikiri, hapa simu inashindwa, kuna ile unayopita nyuma ya mtoto unaona ameshika kalamu hajaandika kitu na unainama unamuuliza kwa sauti ya chini, hiyo video haikupi, na bando ikikatika katikati hupati hata mkono. Kwa hiyo wale wa karibu nakwenda mwenyewe, na wale wa mbali nawaruhusu watume sauti badala ya video, na sikati alama kwa netiwaki, manake nikifanya hivyo nitakuwa napima mnara wa simu.

La mwisho ni alama. Kuna utafiti wa Ruth Butler huko Israel, 1988, wanafunzi wengine walipewa alama tu, wengine maoni tu, wengine alama na maoni pamoja. Waliopata maoni tu ndio walioendelea vizuri kwenye kazi zilizofuata, na wale wa alama pamoja na maoni walikuwa sawa na wa alama tu, yani namba imemeza maneno. Nikasema na mimi nitajaribu, nikawarudishia mipango yao ya masomo bila namba, maoni peke yake, kwa wa mbali nikawatumia maoni kwa sauti dakika mbili mbili. Wee! Uasi. Kufika jioni nina jumbe 19, “madam alama zetu ziko wapi?”, mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama nimempotezea karatasi. Na kolejini nako nikaitwa ofisini nieleze. Tukapatana nusu kwa nusu, maoni wanapata kwanza, wanaandika chini wamebadilisha nini, alama inakuja baada ya wiki. Sijaridhika nayo sana lakini ndipo tulipofika. Na ule mtihani wa aina tano za tathmini niliuua, sasa wanaleta daftari la mtoto mmoja la wiki tatu na kunieleza nini kimebadilika na wao walifanya nini hapo katikati, na kusahihisha hiyo inanichukua muda mara mbili, mume wangu ni shahidi.

Juzi Jumamosi tulikuwa kwa mtandao tena, nikawapa lile la 0.35 na 0.4, lakini nikawaambia zamu hii msiwaze mtoto wa kufikirika, yeyote mwenye mtoto karibu amuulize sasa hivi, na amuulize kwa nini. Yule kijana wangu wa boti alikuwepo, akatuma sauti, tukamsikia mdogo wake, yule yule mfaulu wangu, anasema 0.35 kwa sababu thalathini na tano na nne wapi na wapi. Darasa zima likacheka kwa emoji. Kijana akaandika, madam sasa nimwambie jibu? Nikamwambia usimwambie kitu, baba yako ni fundi wa mashua, chukua ile tepu yake, mwambie akuonyeshe 0.4 ya mita iko wapi na 0.35 iko wapi, alafu we nyamaza umwangalie anavyofanya.

Kikapita kimya kama dakika mbili. Alafu ikaingia kutoka namba yake.

“Ndiyo madam.”

Nikamwandikia, huyu ni nani?